Hertz na cheche yake

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Mwenzangu wa chumba hapa Kigali anasoma elektroniki. Usiku mmoja alipima nguvu ya transmita aliyoiunda mwenyewe. Mahali pa antena aliunga rezista ya omu 50, akasoma volti 10. Volti mara volti, gawa kwa omu: wati 2. Alitarajia 5, na kalamu ilikuwa inaelekea kuandika 5. Nikamkumbusha Hertz, niliyemsoma katika kitabu chake yeye mwenyewe mwenzangu.

Heinrich Hertz alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1857. Kati ya 1886 na 1888, akiwa profesa Karlsruhe, alithibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo. Mita hakuwa nayo. Alikunja waya kuwa duara, akaacha mwanya mwembamba, akakaa gizani kutazama cheche. Aliupanua mwanya kwa skrubu. Cheche ikiruka mbali zaidi, alijua hapo mawimbi yana nguvu zaidi.

Baadaye Mfaransa Henri Poincaré aliona kosa katika hesabu zake. Hertz alikuwa keshapata sifa, lakini hakulificha: alilikiri katika kitabu chake cha 1892. Alifariki Bonn tarehe 1 Januari 1894, akiwa na miaka 36. Leo masafa ya kila redio hutajwa kwa jina lake.

Hakuwa Muislamu. Ila sisi tunaosoma Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo, tuna udhuru gani?

Mwenzangu aliandika 2.