Bi Rebecca Lancefield na kijidudu kijificho

Mtu hukwaruzwa mguu leo, akapuuza. Kesho mguu umevimba na maumivu hayalali. Keshokutwa yu mahututi. Balaa hili aghlabu huletwa na kijidudu kiitwacho streptokoki, nami leo nataka niwasimulieni habari za bibi aliyekiandama kwa karibu miaka 60.

Marehemu Bi Rebecca Lancefield alizaliwa New York, Marekani, tarehe 5 Januari 1895. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Katika chuo cha Wellesley alianza na masomo ya lugha, kisha moyo ukamvuta kwenye elimu ya viumbe, akahitimu mwaka 1916. Mwaka 1918 aliajiriwa na Taasisi ya Rockefeller, awe msaidizi tu wa maabara. Wakati huo wa Vita Vikuu vya Kwanza, streptokoki ilikuwa ikiwaua askari katika kambi za Texas. Yeye na wakubwa wake wakachunguza vijidudu vilivyotoka kambini, na mwaka 1919 wakatangaza kwamba si vya aina moja, bali wamekwisha kutambua aina nne.

Wengine wangetosheka. Yeye alitaka kujua ni kitu gani kinachozitofautisha. Mwaka 1928 akaeleza kuwa ni protini iliyo juu ya kijidudu, akaiita M. Mwaka 1933 akazigawa streptokoki katika makundi kwa herufi, na kundi A ndilo limsumbualo zaidi binadamu. Mpango huo ungali ukitumika.

Protini hiyo M ndiyo hila yenyewe. Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Humeza adui, lakini sharti kwanza adui atiwe alama. M hunyakua protini za damu yetu wenyewe na kumfunika nazo kijidudu, alama zisimshike. Mimi humfananisha na mwizi aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba. Wataalamu waliofuata waligundua hila nyingine: kijidudu hukata nyavu zinazotupwa na chembe nyeupe, na huharibu ujumbe unaoziita zije. Ndipo huenea upesi chini ya ngozi, na nyama ikaoza.

Bi Lancefield alionyesha pia kwamba aliyepona hupata kinga ya miaka mingi, walakini dhidi ya M ya aina ile ile tu. Ikija aina nyingine, hana ngao. Leo zinajulikana aina zaidi ya 200, na hiyo ni sababu moja kubwa ya kutopatikana chanjo hadi sasa.

Heshima zilimjia polepole. Mwaka 1961 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wataalamu wa kinga cha Marekani, na mwaka 1970, akiwa na miaka 75, akachaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi. Alifariki tarehe 3 Machi 1981.

Naona faida ya habari hizi ni moja. Penisilini ingali inamuua mdudu huyu, lakini nyama iliyokwisha kuoza haina budi kukatwa, na kila saa ina thamani. Jeraha dogo likiuma kupita kiasi chake, pamoja na homa na uvimbe unaotambaa, usingoje kupambazuke. Mpeleke mgonjwa hospitali.