Washington na Vitambaa vya Heshima



Bila shaka umewahi kumwona askari akipita. Ulitazama mkono wake. Ukiona tepe tatu, unajua huyu ni sajini. Ukiona mbili, ni koplo. Hukumwuliza neno, wala yeye hakukwambia. Kitambaa kimesema.

Sasa tusome habari za mtu aliyejua vizuri kazi ya vitambaa hivyo. Jina lake ni George Washington. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1732 huko Virginia, Marekani. Wakati huo Virginia ilikuwa koloni la Waingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 11. Alipokua alikuwa mpima ardhi, kisha askari, kisha mwenye shamba kubwa.

Mwaka 1775 makoloni 13 ya Marekani yaliingia vitani na Waingereza. Washington alichaguliwa kuwa mkuu wa jeshi. Mwezi wa Julai alifika kambini karibu na mji wa Boston. Unadhani alikuta nini? Alikuta wakulima, wavuvi na mafundi, wengi wao wamevaa nguo walizotoka nazo nyumbani. Jenerali akitaka kupita, askari wa zamu humzuia, kwa sababu hamjui. Jeshi gani hilo?

Kushona sare za watu wote kulihitaji fedha nyingi na muda. Utepe ni rahisi. Basi Washington aliamuru kila mwenye cheo avae alama. Yeye mwenyewe alivaa utepe wa buluu kifuani. Majenerali wa chini yake walivaa wa waridi. Kapteni aliweka alama ya njano kwenye kofia. Sajini alishona kitambaa chekundu kwenye bega la kulia, na koplo cha kijani.

Vita viliendelea miaka mingi. Kufikia mwaka 1782 askari walikuwa wamechoka. Mishahara ilicheleweshwa sana, maana Bunge lao halikuwa na fedha. Hata kumpandisha askari hodari kuwa ofisa kulikuwa kumezuiwa. Na katika majeshi mengi ya siku hizo, nishani walipewa wakubwa tu. Utamshukuru vipi mtu aliyekaa vitani miaka sita bila hata viatu vizuri?

Tarehe 7 Agosti 1782, akiwa Newburgh, Washington alitoa amri mpya. Askari wa kawaida, koplo au sajini aliyetumika kwa uaminifu zaidi ya miaka mitatu avae kitambaa cheupe, kilichopinda kama kiwiko, kwenye mkono wa kushoto. Aliyezidi miaka sita avae viwili. Angalia: tepe hizi hazikuonyesha cheo, zilihesabu miaka. Na aliyefanya tendo la ushujaa wa pekee apewe moyo wa kitambaa, rangi ya zambarau iliyoiva, aushone kifuani upande wa kushoto. Mwenye moyo huo aliruhusiwa kupita mbele ya walinzi kama ofisa. Aliyeuvaa bila haki aliadhibiwa vikali.

Waliopewa moyo huo na wanaojulikana ni watatu tu, wote masajini. Mmoja wao, Daniel Bissell, alijifanya mtoro, akaishi na Waingereza mjini New York akiwapeleleza.

Miongoni mwa waliopata haki ya tepe mbili za miaka sita alikuwako Oliver Cromwell, mtu mweusi, mkulima wa New Jersey, aliyezaliwa huru. Hati yake ya kuachishwa jeshi mwaka 1783 ilitiwa sahihi na Washington mwenyewe. Lakini jenerali huyohuyo alimiliki watumwa Waafrika shambani kwake. Jambo hili ni zito, na hatuwezi kuliruka. Katika wosia wake aliagiza watumwa aliowamiliki yeye mwenyewe waachwe huru mke wake atakapokufa. Mke wake aliwaachia mapema, mwaka 1801.

Washington alikuwa rais wa kwanza wa Marekani, kuanzia 1789 hadi 1797. Alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Ule moyo wa zambarau ulikuwa umekwisha kusahauliwa. Mwaka 1932, miaka 200 tangu azaliwe, jeshi la Marekani liliurudisha. Siku hizi ni nishani ya chuma yenye sura yake, na hupewa askari aliyejeruhiwa na adui. Aliyeuawa, hupelekewa jamaa zake.