Mwalimu Nyerere na Nguvu ya Maji

Upande wa mashariki wa ziwa Victoria, katika nchi ya Wazanaki, kuna kijiji kiitwacho Butiama. Hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1922, mtoto wa mtemi Nyerere Burito, akaitwa Kambarage. Siku zile, usiku ulipoingia, watu wa Butiama waliota moto wa kuni, wakazungumza, wakalala. Taa ya umeme haikuwako, wala hapakuwa na mtu aliyeiwazia. Nguvu aliyoijua mtoto huyo ilikuwa ya mikono ya watu, wanaume wakilima na wanawake wakisaga nafaka juu ya mawe.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Akaonekana ana akili nyingi, na mwaka 1937 akaingia shule ya Tabora, kisha mwaka 1943 akaenda Makerere katika nchi ya Uganda. Mwaka huohuo alibatizwa, akapewa jina la Julius. Baadaye alifundisha Tabora, na mwaka 1949 akavuka bahari kwenda Edinburgh, akasoma huko hata mwaka 1952. Aliporudi akawa mwalimu wa Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1954 yeye na wenzake waliunda chama cha TANU. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya shule ili aishike kazi ya siasa, lakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kufa kwake. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru, naye alikuwa Waziri Mkuu wake. Na mwaka 1962 akawa Rais wa kwanza.

Basi yafaa kujua umeme aliourithi ulikuwa wa namna gani. Wadachi ndio walioanza kuwasha umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na nyumba za wakubwa wao. Tangu mwaka 1931 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa makampuni mawili ya watu binafsi. Mfanyabiashara hupeleka bidhaa mahali penye wanunuzi, na ndivyo walivyofanya wenye makampuni hayo. Nyaya zao zilifika kwenye miji mikubwa na mashamba ya katani. Vijijini, mahali walipokaa watu walio wengi, hazikufika.

Mwalimu aliona kwamba jambo hilo haliwezi kuachwa lilivyo. Umeme ni kama maji ya kisima cha kijiji. Akikimiliki mtu mmoja, wengine watakunywa kwa hisani yake. Kwa hiyo tangu mwaka 1964 Serikali ilianza kununua hisa za makampuni hayo, yakaunganishwa kuwa moja. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 umeme ulitajwa pamoja na ardhi, misitu na madini kuwa miongoni mwa njia kuu za uchumi, zinazopasa kuwa chini ya wananchi. Hata ilipofika mwaka 1975, hisa zote za shirika la TANESCO zilikuwa mali ya Serikali.

Lakini kumiliki kisima si kuyateka maji. Tanzania ina mito mikubwa ishukayo kutoka milimani, na Mwalimu alitaka maji hayo yafanye kazi kabla ya kufika baharini. Mwaka 1964 mitambo ya Hale katika mto Pangani ilianza kazi, yenye nguvu ya megawati 21. Kisha macho yakageukia mto Ruaha Mkuu, unaoanguka kwa kasi chini ya milima ya Udzungwa. Hapo pakajengwa Kidatu, kwa fedha zilizokopwa nchi za nje. Mwaka 1975 mitambo ya kwanza ilizunguka, na mwaka 1980 kazi yote ilikuwa imekwisha, nayo ni megawati 204. Juu yake, huko Mtera, pakajengwa bwawa la kuweka akiba ya maji ya kiangazi. Nyaya nene zikatoka Kidatu mpaka Dar es Salaam, na baadaye zikaenea pande nyingine. Mtandao huo wa nyaya ndio unaoitwa gridi ya Taifa.

Gridi ina tabia yake, na asiyeijua hawezi kuelewa taabu za Mwalimu. Mahindi huvunwa mwezi wa sita, yakawekwa ghalani, yakaliwa mwezi wa kumi na mbili. Umeme mwingi wa nchi nzima hauwekwi hivyo kwa urahisi. Unaotumika dakika hii sharti uzalishwe dakika hii. Mitambo yote iliyofungwa katika gridi huzunguka kwa mwendo mmoja, kama wapiga ngoma wanaosikilizana. Watumiaji wakizidi nguvu iliyopo, mwendo hupungua. Na usiporekebishwa upesi, mitambo yote huweza kusimama, nchi ikaingia gizani. Ndipo wasimamizi hulazimika kuwakatia wengine ili wengine wapate. Huo ndio mgawo wa umeme. Kwa hiyo kila mtu aliye katika gridi hula chungu kimoja na wenzake, hata kama hawajaonana kamwe.

Katika chungu hicho Mwalimu alipaswa kuamua nani ale kwanza. Fedha zilikuwa chache. Alipenda sana vijiji, lakini umeme ulitangulia kwenda viwandani na mijini, kwa kuwa viwanda vililipa, na nchi ilihitaji nguo na saruji. Songea ilikuwa mbali na nyaya za Kidatu. Mji huo uliendelea kuwashwa kwa mitambo ya dizeli, na mafuta yake yaliletwa kwa magari katika safari ndefu. Mafuta yalipochelewa, taa zilizimika. Bei ya mafuta ya dunia ilipopanda mwaka 1973, kila lita iliyochomwa ilizidi kuwa mzigo kwa Taifa.

Wala Mwalimu hakuwa mtu asiyekosea. Katika wilaya ya Songea, watu wa Litowa na vijiji vya jirani walikuwa wameungana kwa hiari yao, wakilima pamoja na kuendesha mashine ya kusaga. Yeye mwenyewe aliwasifu. Lakini mwaka 1969 chama tawala kiliuvunja umoja wao, ili mambo yote yaongozwe kutoka juu, naye hakuuzuia uamuzi huo. Mkono wa Serikali uwezao kuinua waweza pia kubana.

Kulikuwa na shauri kubwa kuliko Kidatu. Mto Rufiji hupita katika korongo jembamba lililoitwa kwa jina la Stiegler, Mzungu ambaye yasemekana aliuawa na tembo mahali hapo. Wataalamu walipima, wakaona kwamba bwawa likijengwa hapo litatoa umeme mara nyingi kuliko ule uliotumika nchi nzima siku zile. Mwaka 1975 Serikali iliunda mamlaka ya kuliendeleza bonde la Rufiji. Lakini swali likabaki: umeme mwingi hivyo utanunuliwa na nani? Bwawa hujengwa kwa mkopo, na mkopo hulipwa na wanunuzi. Pasipo viwanda vikubwa deni lingewaangukia wakulima, ambao hata taa hawakuwa nayo. Tena mwaka 1978 vikaja vita vya Uganda, navyo vikala akiba ya nchi. Mwalimu hakulijenga bwawa hilo. Mwaka 1985 aliacha urais, na michoro ya Rufiji ikabaki kabatini.

Akarudi Butiama kulima. Katika miaka ya 1990 mvua zilipungua, maji ya Mtera yakashuka, na mgawo wa umeme ukaingia mijini. Watu wakajifunza kwamba nchi inayotegemea mito peke yake hutegemea mawingu. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu alifariki dunia huko London, akazikwa nyumbani kwake Butiama.

Yaliyokuwa yamelala yakaamka baada yake. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole, kusini mwa Songea, walianza kutumia maporomoko ya Tulila katika mto Ruvuma, kwa mitambo ya megawati 5, wakaiuzia TANESCO umeme kwa ajili ya mji na vijiji. Hivyo kazi ya Serikali ikapata wasaidizi. Mwaka 2018 njia kuu ya umeme ya karibu kilomita 250 ilikamilika kutoka Makambako, na Songea ikaunganishwa na gridi ya Taifa. Ngurumo ya mitambo ya dizeli ikanyamaza. Tangu Kidatu ianze kuzunguka ilikuwa imepita miaka 43.

Mwaka wa 2019 ujenzi wa bwawa la Rufiji ulizinduliwa. Wako waliopinga, wakiwahurumia wanyama na misitu ya Selous; lakini kazi iliendelea. Mtambo wa kwanza ulianza mwaka 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika, yenye nguvu ya megawati 2,115, yaani zaidi ya Kidatu kumi. Bwawa likapewa jina la Julius Nyerere.

Sasa swali la mwaka 1975 limerudi kwa sura nyingine. Wanunuzi wakubwa ambao hawakupatikana siku zile wanabisha hodi Afrika ya Mashariki. Hao ni wenye vituo vya data. Kituo cha data ni jumba lenye kompyuta nyingi mno, zilizopangwa safu kwa safu. Humo huhifadhiwa hesabu za benki, picha, barua, na fedha ambazo mzazi wa Songea humtumia mwanawe kwa simu. Kompyuta hizo hufanya kazi usiku na mchana, nazo hupata joto, hivyo huhitaji umeme mwingine wa kuzipoza, na pengine maji mengi. Tanzania ina kituo chake cha Taifa huko Kijitonyama, Dar es Salaam. Katika nchi ya Kenya, mwezi wa Mei mwaka 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza shauri la kujenga kituo Olkaria, penye mvuke wa ardhini, ambacho kikifikia ukubwa wake wote kingetumia megawati 1,000. Mlaji mmoja wa namna hiyo angehitaji karibu Kidatu tano.

Mlaji mkubwa si adui. Akilipa bei ya haki, fedha zake zaweza kulipa deni la bwawa na kununua nguzo za vijiji. Ndiyo maana Rufiji ilikosa mjenzi alipokosekana mnunuzi. Lakini akipewa bei ya upendeleo, na nyaya zake zikalipwa na wengine, basi mkulima mwenye taa moja atakuwa anamlipia tajiri. Kwa hiyo yampasa mtawala aseme mapema, kabla mgeni hajaketi: nani atalipia njia mpya za umeme, nani atakatiwa kwanza mvua ikipungua, na maji ya kupoza yatatoka wapi. Mgeni akiisha kuketi na kuanza kula, ni vigumu kumpimia.

Mwalimu Nyerere hakukiona kituo cha data cha namna hii, wala hakuliona bwawa linaloitwa kwa jina lake. Lakini maisha yake yanaonyesha kwamba kuzalisha umeme ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, nayo ndiyo ngumu, ni kuugawa. Katika nusu ya kwanza alifaulu kwa sehemu. Katika ile ya pili Songea ilingoja mpaka mwaka 2018, na vipo vijiji vilivyongoja zaidi. Kazi hiyo ya kupimia kila mtu kibaba chake imebaki kwa wale wanaosoma leo shuleni, ambao kesho watakuwa mafundi, wenyeviti wa vijiji na mawaziri.