Mchungaji Bruno Gutmann, Mwanafunzi wa Wazee

Mchungaji Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, nchi ya Ujerumani, mwaka wa 1876. Mwaka wa 1902 alitumwa na Misioni ya Leipzig, akafika Kilimanjaro. Baadaye akachunga usharika wa Kidia, Old Moshi. Baada ya vita kuu, mwaka wa 1920, aliondoshwa nchini pamoja na wamisionari wenzake wa Kijerumani. Umri wake ulikuwa miaka 44 hivi, na mtu angedhani kazi yake imekwisha.

Lakini miaka michache baadaye alirudi mlimani. Hakukaa akihesabu siku zilizopotea, bali aliketi tena miguuni pa wazee wa Kichaga, kama alivyofanya ujanani. Wakamweleza mafundisho waliyopewa vijana tangu kale, hata yale ya mregho, yaani fimbo iliyochanjwa alama, na kila alama ina fundisho lake. Mengi ya hayo yangalizikwa pamoja nao.

Kitabu cha kwanza cha mafundisho hayo, kwa Kijerumani, kilitoka mwaka wa 1932, naye alikwisha pita miaka 50; cha tatu kilitoka mwaka wa 1938, mwaka ule ule alipoondoka Kilimanjaro. Wako waliomlaumu kwamba alipenda mno desturi za zamani. Wala hakuacha kuandika. Alifariki mwaka wa 1966, mwenye miaka 90.

Basi, ndugu, mwenye mvi asiseme siku zake za kujifunza zimekwisha. Wala kijana asipite mlangoni pa mzee pasipo kuketi.