Askofu Joseph Butler na Mizani ya Dhamiri

Leo twapenda kumkumbuka mtu ambaye hakufungwa gerezani wala kuuawa kwa ajili ya imani. Hakuoa, alisema machache, na maisha yake yalipita kwa utulivu. Lakini mahubiri yake yangali yakisomwa vyuoni.

Joseph Butler alizaliwa Wantage, Uingereza, mwaka 1692. Baba yake aliuza vitambaa, naye alitumaini kwamba kijana angekuwa mhudumu wa Wapresbiteri, kanisa la jamaa yao. Kijana akachagua Kanisa la Uingereza, akasoma Oxford, akapewa upadre mwaka 1718. Punde akawekwa mhubiri katika kanisa la Rolls, London, walikosali wanasheria, na mwaka 1726 mahubiri yake kumi na matano yakapigwa chapa.

Siku zile wengi walivutwa na mafundisho ya Thomas Hobbes, kwamba mtu hafanyi lo lote ila kwa kujipenda. Hata akimhurumia maskini, kumbe aogopa yasimpate yeye. Butler alikataa. Mwenye njaa hutaka chakula. Asingekitaka, kula kusingempa raha. Vivyo hivyo mama humtakia mwanawe mema, na furaha yake mwenyewe hufuata nyuma. Juu ya tamaa zote Mungu ameweka dhamiri iwe hakimu. Pengine hasira huishinda nguvu, lakini haki ya kutawala ni yake.

Walakini hakimu huyu huweza kudanganywa, na hapa Butler alimleta mfalme Daudi. Nathani alipomsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, Daudi aliwaka hasira, akamhukumu afe. Naye alikuwa amekwisha mwua Uria na kumtwaa mkewe, na mtoto amekwisha zaliwa! Sheria aliijua sana, hakujitazama tu. Dawa ya Butler ni kumweka mtu mwingine mahali pako, kisha uamue. Tena ujiulize adui yako angekulaumu kwa jambo gani. Sisi tuliofundisha miaka mingi twakumbuka jinsi tulivyowaadhibu watoto waliochelewa. Siku tulipochelewa sisi, sababu ilikuwa mvua.

Mwaka 1736 aliandika pia juu ya wema. Aliwaonya wanaodhani kwamba wema wote ni kutafuta faida ya watu wengi, kwa maana mtu aweza kudhulumu au kusema uongo, akijifariji kwamba mwisho wake utakuwa mzuri. Mwisho hatuuoni, udhalimu twauona. Aliyasema hayo kabla Jeremy Bentham, aliyefundisha kupima matendo kwa jumla ya furaha, hajazaliwa.

Mwaka 1738 akawa Askofu wa Bristol, bandari ambayo merikebu zake zilichukua watumwa kutoka Afrika kwenda ng'ambo. Mwaka 1739 alihubiri mbele ya Shirika la Kueneza Injili. Alisema watumwa ni viumbe vya Mungu ambao Kristo aliwafia, na kwamba wafundishwe na kutendewa kwa utu. Hakusema waachiliwe. Shirika lenyewe lilikuwa na mashamba ya miwa huko Barbados, yaliyolimwa na watumwa.

Hapa sisi, ambao kanisa letu kuu la Mkunazini, Unguja, limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hatuwezi kupita upesi. Mizani alikuwa nayo, tena aliitengeneza mwenyewe. Kama angemweka mmoja wa wale wakata miwa mahali pake, angehubiri vile? Twamheshimu sana, na kwa sababu hiyo jambo hili latuuma.

Mwaka 1750 alihamishiwa Durham, dayosisi tajiri, lakini afya yake haikudumu. Alifariki mjini Bath tarehe 16 Juni 1752, akazikwa katika kanisa kuu la Bristol. Sinodi ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi kwa ajili ya utumwa, pamoja na yale mashamba ya Barbados, mwaka 2006.