Chumba Kimoja cha Blantyre

Wengi wetu tunamjua David Livingstone kama mzee wa masharubu aliyekutana na Stanley pale Ujiji mwaka wa 1871. Leo wacha tuingie kwao nyumbani.

Alizaliwa 1813 huko Blantyre, Scotland, kwenye ploti ya kiwanda cha pamba. Familia 24 katika jengo moja. Kina Livingstone walikuwa na chumba kimoja, kama futi 14 kwa 10, na humo walipika, wakalala na kusali: wazazi wawili na watoto watano. Wewe unayekaa singo Makutano ama Dallas unanielewa.

Baba yake, Neil, aliuza majani chai nyumba kwa nyumba, huku akigawa vijitabu vya Injili. Mimi nimesomea biashara, na nakwambia hiyo haikuwa na faida. Mzee alikuwa mnyofu mno, utajiri ukampita.

David akiwa na miaka 10 aliingia kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wa wiki ya kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Alikiweka juu ya mashine, anasoma sentensi moja, anapita, anarudi anasoma nyingine. Baada ya kazi, darasa la usiku. Na kwao giza likiingia mlango unafungwa, sheria ya baba. Siku moja alichelewa akakuta pamefungwa. Hakupiga kelele, alitafuta mkate akakaa mlangoni kungoja asubuhi. Mama ndiye alimfungulia.

Mwaka wa 1836 akaenda Glasgow kusomea udaktari, sasa yeye mwenyewe akawa mpangaji. Chumba cha kwanza kilikuwa shilingi mbili kwa wiki. Lakini sukari na majani chai yake yalikuwa yanaisha kabla hajanywa! Akahamia kwingine, shilingi mbili na nusu. Hiyo nusu ilikuwa pesa, kwa mtu aliyefanya kazi kiwandani wakati wa kiangazi ili asome wakati wa baridi.

Mwishoni mwa 1840 alisafiri kuja Afrika. Hapa wahubiri wengi huruka moja kwa moja hadi utukufu. Mimi siwezi, kwa sababu naingia kwenye nyumba za watumishi na ninaona. Mwaka wa 1852 alimrudisha mkewe Mary na watoto wanne Uingereza, ili yeye apite bara. Miaka minne yule mama alihangaika, leo kwa jamaa, kesho chumba cha kupanga, pesa haitoshi, na wakwe hawaelewani naye. Mume aliporudi 1856, taifa zima lilimshangilia. Wazee wa kanisa, tukimtuma mtu shambani mwa Bwana, huwa tunauliza mkewe atalala wapi?

Mary alimfuata tena Afrika, akafa kwa homa Shupanga, kando ya mto Zambezi, Aprili 1862. Katika meli iliyomleta alikuwemo kijana Mskoti, James Stewart. Huyo ndiye aliyeanzisha misheni ya Kibwezi mwaka wa 1891. Kutoka hapo Waskoti walihamia Kikuyu, na 1922 wakafika Chogoria, ambako wengi wenu mlizaliwa.