Gualtiero Jacopetti: Mwitaliano aliyerekodi Zanzibar ya 1964 kutoka angani

Kuna klipu moja haichoki kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni ya zamani lakini ina rangi, imepigwa kutoka angani. Chini kuna minazi, halafu makaburi mapya, halafu watu wenye nguo nyeupe wanakimbilia ufukweni. Inakuja bila jina la aliyeipiga na bila mwaka, kuna tu maneno ya aliyeituma kwamba hii ndiyo Zanzibar ya Mapinduzi.

Ukiwa Tingi, Mbamba Bay au Liuli na bando lako la wiki, unaifungua, unashtuka, unaituma mbele. Wachache wanauliza ni nani alikuwa ameshika kamera.

Jibu ni Gualtiero Jacopetti na wenzake. Hakuwa mwanahistoria. Alikuwa mwandishi wa habari wa Italia aliyegeukia sinema, na ndiye anayetajwa kama baba wa filamu zinazouza kifo cha kweli kama burudani. Filamu za kutisha za Italia zilizowatoa watu jasho miaka ya 1970 na 1980 zilichota sana kwake.

Kijana wa Barga

Alizaliwa Septemba 4, 1919 huko Barga, mji mdogo wa milimani mkoani Toscana. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliingia kwenye uandishi, akawa karibu na Indro Montanelli, mmoja wa waandishi wakubwa wa Italia wa karne iliyopita. Akafanya pia kazi kwenye filamu fupi za habari zilizokuwa zikioneshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya picha kubwa kuanza.

Hapo ndipo alipojifunza kitu kitakachombeba maisha yake yote: picha peke yake haisemi, anayesema ni msimulizi. Mwaka 1959 aliandika maneno ya msimulizi wa filamu ya Alessandro Blasetti, Europa di notte, iliyozunguka kwenye kumbi za starehe za Ulaya. Maneno yake yalikuwa na kejeli na ucheshi mkavu, watu wakayapenda.

Mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Tanzania anaelewa hili bila kufafanuliwa. Marehemu Derek Mukandala, yule Lufufu, aliweza kuichukua filamu ya Kichina au ya Marekani akaifanya iwe ya Manzese kwa sauti yake tu. Tofauti ni kwamba Lufufu alijulikana anatafsiri na kuchekesha. Jacopetti alisema anatoa ukweli mtupu.

Mondo cane yabadilisha kila kitu

Mwaka 1962 yeye, Franco Prosperi na Paolo Cavara walitoa Mondo cane, yaani dunia ya mbwa. Haikuwa na hadithi wala nyota wa sinema. Ilikuwa mfululizo wa vitu vya ajabu kutoka pande zote za dunia: mila, vyakula, mazishi, ulevi, wanyama wanavyochinjwa. Inakutoa kwa watu wa msituni inakupeleka kwa matajiri wa Ulaya, ili uone kwamba wote ni wehu kwa namna yao.

Ilioneshwa Cannes, ikaingiza hela nyingi. Wimbo wake, More, uliteuliwa kuwania Oscar na ukaimbwa na wasanii kibao ambao labda hawakuwahi hata kuiona filamu yenyewe. Baada ya hapo kila mtayarishaji wa Italia alitaka kuwa na Mondo yake. Aina nzima ya filamu ikapata jina hilo.

Kabla hata ya Mondo cane kutoka, Jacopetti alikuwa amepata pigo. Mpenzi wake, mwigizaji wa Kiingereza Belinda Lee, alifariki Machi 1961 kwenye ajali ya gari huko California akiwa na miaka 25. Jacopetti alikuwa kwenye gari hilohilo, akanusurika na majeraha.

Na doa lilianza mapema. Kwenye Mondo cane 2 ya 1963 kulikuwa na tukio la mtawa wa Kibudha kujichoma moto. Kumbe liliigizwa. Mtazamaji hakuambiwa.

Januari ya moto

Mwaka 1963 kampuni ya Rizzoli ya Italia ilikuwa tayari kulipia kazi kubwa zaidi. Jacopetti, Prosperi na mpiga picha Antonio Climati wakaingia Afrika, bara ambalo nchi zake zilikuwa zinapata uhuru moja baada ya nyingine. Walizunguka kwa takribani miaka mitatu. Kenya walikuta bendera ya Uingereza ikishushwa na walowezi wakiuza mali zao kwa mnada.

Halafu ikaja Januari 1964.

Usiku wa kuamkia Januari 12 Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Serikali iliyokuwa na mwezi mmoja tu tangu uhuru wa Desemba 1963 ikaangushwa, Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka kwa meli, Abeid Amani Karume akawa Rais. Siku zilizofuata kulikuwa na mauaji ya kulipiza kisasi, na Waarabu wengi walikuwa miongoni mwa waliouawa. Idadi kamili wanahistoria wanabishana hadi leo.

Waandishi wa nje walikuwa na shida kubwa kuingia kisiwani. Timu ya Jacopetti ikapita juu. Picha walizopata ndizo hizo zinazozunguka leo: makaburi ya pamoja, misururu ya watu wakitembezwa, watu wakikimbilia baharini, na baadaye miili kwenye mchanga. Hakuna picha nyingine za filamu zinazotajwa sana kama hizo kuhusu siku zile. Hapo ndipo ugumu wa kumzungumzia mtu huyu unapoanza, maana kama asingekwenda pengine kusingekuwa na kitu cha kuangalia.

Bara nako hakukuwa shwari. Januari 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kwenye kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Walitaka mishahara bora na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu Nyerere alilazimika kujificha kwa muda, na Januari 25 makomando wa Uingereza waliteremshwa kutoka meli ya Centaur wakauzima uasi. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ.

Timu ya Waitaliano ilikuwa Dar es Salaam katika vurugu hizo. Kwenye filamu unaona gari lao linazuiwa, kioo cha mbele kinavunjwa, wanatolewa nje kwa nguvu, kamera bado inazunguka. Jacopetti alisimulia baadaye kwamba waliponea chupuchupu: mmoja wa wale askari aliangalia pasi zao akaona ni Waitaliano, basi kwake hao hawakuhesabika kuwa wazungu wenyewe. Ni simulizi yake, na jamaa alipenda simulizi nzuri. Lakini kioo kinachovunjika kinaonekana.

Congo na kesi ya mauaji

Kutoka huku walikwenda Congo, ambako mamluki wa kizungu walikuwa wanapigana na waasi wa Simba. Huko walirekodi watu wakiuawa kwa risasi mbele ya kamera.

Desemba 1964, kabla filamu haijatoka, mwandishi Carlo Gregoretti aliandika kwenye gazeti la L'Espresso kuhusu alichokiona akiwa nao Congo. Hoja iliyowaka moto ilikuwa moja: je, mamluki walisubiri kamera iwe tayari ndipo wafyatue? Kama ndivyo, basi aliyeshika kamera si shahidi tena, ni mshiriki.

Vyombo vya sheria vya Italia vilimchunguza Jacopetti kwa kushiriki mauaji, filamu ikazuiliwa. Alikana, akatoa utetezi wake, akaachiwa bila hatia. Kisheria ishu iliishia hapo. Swali lenyewe halikuisha, na hata sasa mtu akirusha mubashara ajali badala ya kusaidia majeruhi, watu wanaliuliza upya bila kujua liliwahi kufika mahakamani Italia.

Africa addio yatoka

Filamu ilitoka 1966 kwa jina Africa addio, kwaheri Afrika. Ina urefu wa zaidi ya saa mbili. Muziki wa Riz Ortolani ni mtamu kiasi cha kukera, maana unapigwa juu ya vitu ambavyo huwezi kuvitazama. Kuna pundamilia mdogo anabebwa angani kwa helikopta, kuna tembo na viboko wanauawa kwa wingi, kuna Zanzibar, kuna Congo. Inaishia na pengwini wa Rasi ya Afrika Kusini.

Tatizo ni anachosema msimulizi. Kwa ufupi anadai Ulaya ilimtelekeza mtoto ambaye hajakua, na damu yote unayoiona ni kwa sababu wazungu wameondoka mapema. Mtoto huyo ni Mwafrika. Msimulizi haoneshi shamba lilivyochukuliwa kabla ya kupigwa mnada. Haelezi ni nani aliyekuwa anawalipa mamluki. Zanzibar anaionesha kana kwamba chuki ilishuka kutoka mawinguni siku moja, bila karne ya biashara ya watumwa na mashamba ya karafuu, bila siasa za chaguzi zilizotangulia Mapinduzi.

Mwafrika kwenye filamu hii karibu haongei kabisa. Anakimbia, anaua, anacheza au anakufa. Hilo peke yake linatosha kuonesha filamu ilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Italia ilimpa mtayarishaji wake, Angelo Rizzoli, tuzo ya David di Donatello. Kwingine moto ukawaka. Agosti 1966 wanafunzi, Waafrika na Wajerumani, waliandamana Berlin Magharibi dhidi ya kuoneshwa kwake. Mwaka uliofuata mhakiki wa Chicago, Roger Ebert, aliiponda kama kazi ya kibaguzi isiyo ya haki. Marekani baadaye ilikatwakatwa ikauzwa kwa jina la damu na utumbo, siasa zikaondolewa, ukatili ukabaki. Jacopetti mwenyewe aliikataa nakala hiyo.

Kujitetea kulikoharibu zaidi

Akiwa amechoka kuitwa mbaguzi, Jacopetti akaamua kujibu kwa filamu nyingine. Addio zio Tom ya 1971 ni kuhusu utumwa Marekani. Safari hii haikuwa dokumentari, iliigizwa yote, eti waandishi wa leo wamerudi enzi zile kurekodi.

Wazo lilikuwa kuonesha unyama wa wenye watumwa. Utekelezaji ukawa jambo jingine. Walirekodi sehemu kubwa Haiti kwa msaada wa dikteta François Duvalier, wakitumia mamia ya Wahaiti maskini ambao hawakuwa na nguvu ya kukataa kitu. Watu weusi walivuliwa nguo, wakafungwa, wakasukumwa mbele ya kamera ili kuonesha jinsi watu weusi walivyovuliwa nguo na kufungwa. Ukiitazama huoni tena mpaka kati ya kuigiza na kufanya kweli. Kati ya kazi zake zote, hii ndiyo ngumu zaidi kuitetea.

Haikumsafisha. Mwaka 1975 yeye na Prosperi walitoa Mondo candido, iliyotokana na kitabu cha Voltaire. Ikawa ndiyo ya mwisho kwao pamoja. Jacopetti akarudi kwenye uandishi.

Wengine wakachukua mbinu

Mbinu zake hazikustaafu naye. Climati aliendelea na filamu za uwindaji na vifo. Mwaka 1978 Marekani ikatoka Faces of Death, iliyochanganya vifo vya kweli na vya kuigiza bila kumwambia mtazamaji kipi ni kipi.

Na 1980 Mwitaliano Ruggero Deodato akatoa Cannibal Holocaust, filamu ya kutisha kuhusu watengeneza dokumentari wanaofanya unyama msituni ili wapate picha kali. Wengi wanaiona kama kidole kilichonyooshwa kwa Jacopetti, ingawa muziki wake uliandikwa na Riz Ortolani yuleyule. Ilionekana ya kweli kiasi kwamba Deodato alishukiwa kuua, ikabidi awatoe waigizaji wake hadharani kuthibitisha wako hai. Wanyama waliochinjwa kwenye filamu ile, hao hawakuwa waigizaji.

Mwaka 2003 dokumentari ya David Gregory ilimkuta Jacopetti mzee lakini bado mkali. Alishikilia kwamba alionesha kilichokuwepo na kwamba waliomshambulia hawakutaka kukiona.

Alifariki Roma Agosti 17, 2011 akiwa na miaka 91. Alizikwa kwenye makaburi ya wasio Wakatoliki jijini humo, pembeni ya Belinda Lee, aliyekuwa amemtangulia kwa miaka 50.